Iliyopasuliwa Haioti

Watu wakiandika historia katika kurasa hizi, mara nyingi wanaanza na vita. Mimi leo naandika historia ya chakula cha asubuhi, na chakula chenyewe si cha Kongo wala si cha Turkana. Kinaitwa pesarattu. Kinatoka Andhra, pwani ya mashariki ya India ya kusini, na kinapikwa kwa ndengu. Nimekichagua kwa sababu ndani yake kuna jambo linalotuhusu sisi tunaokula mgao, nalo ni tofauti kati ya mbegu nzima na mbegu iliyopasuliwa. Tofauti hiyo imewahi kuamua nani anaugua na nani anapona. Iko katika maandishi ya madaktari, lakini kwenye foleni ya chakula sijawahi kusikia mtu akiizungumza.

Kwanza majina, ili tuelewane, maana hapa Kalobeyei tumechanganyika. Nikisema ndengu, nasema zile punje ndogo za kijani ambazo Wakenya wanaziita hivyo. Watanzania wanaziita choroko, na watu wa pwani wanaziita pojo. Nikisema dengu ya njano, nasema ile ya mgao, ambayo kwa kweli ni njegere, au minji kama wanavyosema hapa, iliyokaushwa, ikatolewa ganda, ikapasuliwa katikati. Majina yanakaribiana lakini ni vitu viwili mbalimbali.

Pesarattu niliijua kwa Sista mmoja wa Andhra aliyekuwa akifundisha wasichana kushona karibu na kituo chetu cha vijana. Siku moja aliwaona vijana wangu wa mpira wamekaa chini ya mti saa tatu asubuhi, wamelegea. Akaniuliza, "Mwalimu, hawa wanakula saa ngapi?" Nikamjibu, "Sista, wengi wanakula mara moja tu, jioni." Kesho yake akaja na bakuli la ndengu zilizotoa vimkia vyeupe. Kijana mmoja akacheka, "Sista, hii kitu imeharibika." Sista akamwambia, "Haijaharibika, mwanangu. Imeamka."

Alivyotuonyesha ni hivi. Chukua kikombe cha ndengu, toa mawe, osha, loweka asubuhi. Jioni mwaga maji, zifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, tundika mahali pa kivuli. Usiku zisuuze mara moja na alfajiri tena, maana kwa joto letu zikikaa bila kusuuzwa zinanuka. Asubuhi utakuta zimetoa mkia. Zisage pamoja na kipande cha tangawizi, pilipili mbichi moja, bizari nyembamba kidogo na chumvi. Ukiwa na mchele, konzi moja iliyolowekwa usiku inasaidia kushikanisha. Kwao wanasaga kwa jiwe au kwa mashine, sisi tulitwanga kwenye kinu. Rojo lake liwe zito kiasi cha kumwagika polepole kutoka kwenye upawa. Pasha kikaango cha chapati, paka mafuta kidogo, mwaga upawa mmoja katikati, tandaza kwa mgongo wa upawa kwa kuzungusha mpaka iwe nyembamba. Nyunyiza kitunguu. Dakika mbili upande mmoja, dakika moja upande wa pili, basi, unakula.

Haraka yake iko hapo. Dosa na idli, ambazo ndizo zinajulikana zaidi duniani kama vyakula vya India ya kusini, zinasagwa kisha zinasubiri usiku kucha mpaka zichachuke. Pesarattu haisubiri kuchachuka. Kuloweka na kuota kunafanyika wakati wewe uko kwenye shughuli zako au umelala, na kazi ya asubuhi yenyewe haizidi nusu saa. Kule Andhra wanaila na chachandu ya tangawizi. Kuna nyingine inafungwa na upma ndani, yaani ugali laini wa semolina wenye viungo, nayo inaitwa MLA pesarattu, pesarattu ya mbunge. Watu wanasema jina hilo lilitoka kwenye makazi ya wabunge kule Hyderabad. Kwa hiyo msifikiri ni chakula cha shida. Ni chakula ambacho mbunge anakila na dereva wa tuktuk anakila.

Jina lake halifichi kitu. Pesara ni ndengu kwa lugha ya Kitelugu, na attu ni kile tunachoweza kuita chapati ya maji. Majirani zao wa Karnataka ndengu wanaziita hesaru, na ukisikiliza vizuri utasikia ni neno lilelile, p imegeuka h. Watu wa Kerala wanaziita cherupayar, nao wanazila asubuhi na uji wa mchele au na puttu. Zile zilizoota Watelugu wanaziita molakalu. Lugha ikiwa na neno lake la mbegu iliyoota, ujue jambo hilo ni la kila siku jikoni.

Tena ni la zamani. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata punje za ndengu zilizoungua katika vijiji vya wakulima wa mwanzo wa kusini, kama Sanganakallu karibu na mji wa Ballari, na umri wake unazidi miaka 3,500. Vitabu vya kale vya tiba ya Ayurveda vinaisifu ndengu, kwa jina la mudga, kuwa bora kati ya jamii yote ya kunde, kwa sababu ni nyepesi tumboni. Karibu mwaka 1130 mfalme Someshvara wa tatu, wa ukoo wa Chalukya, aliandika kitabu kikubwa kinachoitwa Manasollasa, na kati ya mambo ya utawala na muziki akaandika pia vyakula. Mle ndani kuna kitu kinaitwa dhosaka, ambacho watu wa historia ya chakula wanakiona kama babu wa dosa ya leo.

Sasa mtu atasema, hayo ni ya Wahindi, sisi yanatuhusu nini? Subiri kidogo. Bahari ya Hindi haikuwa ukuta. Wimbi, au ulezi, ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, ukavuka bahari, na leo ndio ragi ambayo watu wa Karnataka wanapikia ugali wao. Kunde nazo ni mbegu ya Afrika iliyokwenda India zamani sana. Ndengu zilikuja upande wetu. Katika visiwa vya Komoro na Bukini wataalamu wamechimbua punje za mchele na za ndengu za kati ya karne ya 8 na ya 10. Kwa hiyo ndengu ziko upande huu wa bahari kwa zaidi ya miaka 1,000.

Hata kuotesha tunakujua. Muulize bibi yeyote hapa kambini, awe Mkongomani, Mrundi au Msudani, atakwambia mtama au mahindi yanaloweshwa, yanafunikwa, yanaota, yanaanikwa, yanasagwa. Kimea. Lakini kwetu kimea kilienda zaidi kwenye pombe, na mara chache kwenye uji wa mtoto. Jamii ya kunde tuliichemsha ikiwa kavu, saa mbili tatu, kuni zinaisha. Maarifa tulikuwa nayo, ila yalikaa kwenye mtungi mwingine.

Na kwa nini pesarattu haikufika mitaani kwetu wakati chapati, sambusa na bhajia zimefika mpaka kila kijiji? Jibu liko kwenye reli. Wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901 walitoka zaidi Punjab, upande wa kaskazini. Wafanyabiashara waliofungua maduka walitoka zaidi Gujarat, upande wa magharibi. Watu wa kusini walipelekwa kwingine, Natal, Morisi, Malaya, Burma. Tulipokea mkate wa Punjab na vitafunwa vya Gujarat, kifungua kinywa cha Andhra kikapita mbali.

Hapa ndipo naingia kwenye sehemu iliyonifanya niandike.

Desemba 1915, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, jeshi la Waingereza lililojaa askari wa Kihindi lilizingirwa na Waturuki katika mji wa Kut, kando ya mto Tigris, nchi ya Iraki ya leo. Lilikaa humo siku 147. Ukitaka kujua maisha ya watu waliofungiwa sehemu moja, wanaokula kile kilichopo stoo tu, soma habari za Kut. Waingereza walikula mkate mweupe na nyama ya farasi, wakaugua beriberi. Wahindi wengi hawakuitaka nyama ya farasi, kwa sababu ya dini na kwa kuogopa watasemwa nini nyumbani, wakabaki na nafaka. Zaidi ya 1,000 kati yao wakaugua kiseyeye. Fizi zinavimba na kutoa damu, miguu inauma mpaka mtu hawezi kusimama, vidonda vya zamani vinafunguka. Walijisalimisha tarehe 29 Aprili 1916.

Kiseyeye kinatokana na kukosa kitu kilichomo kwenye matunda na majani mabichi. Leo tunakiita vitamini C. Wakati ule hakijapata jina, madaktari walijua tu kwamba kipo. Shida ilikuwa hii: jeshi lililoko jangwani utalipelekea vipi malimao na mboga mbichi? Vinaoza njiani.

Wanawake wawili wa London, Harriette Chick na Margaret Hume, wa taasisi ya Lister, walilifanyia kazi swali hilo. Walitumia simbilisi, wale wanyama wadogo ambao kule kwetu Kivu watu wanawafuga jikoni. Simbilisi ni kama binadamu, mwili wake hauwezi kujitengenezea kitu hicho, asipokila anaugua kiseyeye. Wakawalisha nafaka na dengu kavu, wakaugua. Wakawalisha dengu na njegere zilizolowekwa na kuota, wakabaki wazima. Punje ileile! Ikiwa kavu haina karibu chochote cha kuzuia kiseyeye. Ukiilowesha na kuiacha ipate hewa siku moja au mbili, mmea ulioko ndani unaanza kuishi na unajitengenezea vitamini hiyo wenyewe. Mwaka 1917 wakaandika matokeo, wakashauri jeshi liwaoteshee askari dengu zao za mgao na kuzipika kwa muda mfupi, kwa sababu moto mrefu unaiharibu tena.

Wakaongeza sharti moja. Dengu iwe nzima, na ganda lake. Iliyopita kwenye mashine ikakobolewa na kupasuliwa haifai kwa kazi hiyo, kwa sababu haioti.

Mwaka uliofuata daktari mmoja wa jeshi alijaribu kwa askari wa Serbia waliokuwa na kiseyeye. Kundi moja likapewa maji ya limao, jingine likapewa maharagwe yaliyoota. Waliokula maharagwe hawakuachwa nyuma na wale wa limao. Baadaye, njaa ilipoipiga wilaya ya Hissar huko Punjab, mwishoni mwa miaka ya 1930, kiseyeye kikatokea tena, na dawa iliyogawiwa ikawa dengu za kienyeji zilizooteshwa. Hakukuwa na haja ya meli wala friji. Maji, kitambaa, na mbegu ambayo bado ina uhai.

Ukifikiria vizuri, hapa kuna kitu cha ajabu. Askari wa Kihindi waliokuwa wakiugua walitoka nchi ambayo mama yeyote wa kusini anatundika ndengu kwenye kitambaa kila wiki. Maarifa hayo hayakuingia kwenye orodha ya mgao mpaka mtu wa maabara London ayathibitishe kwa simbilisi. Simdharau Chick, kazi yake iliokoa watu. Nasema tu kwamba anayepanga mgao mara nyingi hakumuuliza anayeula.

Sasa turudi kwenye kambi, maana kiseyeye hakikubaki Kut. Katika miaka ya 1980 wakimbizi wa Ethiopia waliokuwa Somalia na Sudan walipata milipuko ya kiseyeye kambini. Madaktari waliochunguza waliandika mwaka 1989 kwamba kadiri watu walivyokaa kambini muda mrefu zaidi, ndivyo ugonjwa ulivyozidi. Yaani mtu hakuja nao kutoka safarini. Aliupatia mle mle alimokuja kutafuta usalama, kwa kula nafaka kavu, dengu kavu na mafuta, mwezi baada ya mwezi.

Na hapa jirani, Kakuma, mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, vijana walianza kufika kliniki wakilalamika maumivu ya vigimbi na kifua, fizi zimevimba. Walikuwa zaidi ya 40, wanaume watupu, Wasudani Kusini, wengi wao wa umri wa shule ya sekondari. Ilikuwa kiseyeye. Walipopewa vidonge vya vitamini C walipata nafuu upesi.

Habari hiyo nilipoisoma sikuhitaji kuelezwa ni vijana wa aina gani. Ndio ninaofanya nao kazi. Kijana amekuja peke yake au na wadogo zake, hana mama wa kumpikia, anaishi na wenzake wanne kwenye nyumba ya bati. Mgao ukitoka, sehemu anaiuza apate sukari, sabuni na bando ya simu. Kinachobaki kinapikwa mara moja kwa siku, na wiki ya mwisho ya mwezi ni chai ya rangi. Mboga ya majani ni pesa. Limao ni pesa. Ukimwambia "kula vizuri" anakuangalia tu, kwa heshima, kama unavyomwangalia mtu mzima anayeongea mambo yasiyowezekana.

Kwa hiyo niliona nisiwaambie, niwaonyeshe. Tulichukua makopo mawili ya maziwa yaliyotobolewa chini. Moja tukaweka ndengu nzima za dukani, jingine dengu ya njano. Yote mawili tukayalowesha sawasawa na kuyasuuza sawasawa. Siku ya pili kopo la kwanza lilikuwa limejaa mikia. La pili lilikuwa linanuka uchachu, punje zimelainika tu. Vijana wakazunguka wakiyaangalia. Mmoja akasema, "Kumbe hii yetu ilishakufa kabla haijafika." Mwingine akamjibu, "Si imekatwa, broo. Ukikata mtu katikati ataamka?" Wakacheka. Somo lilikuwa limeingia, sikuongeza neno.

Tangu hapo Jumamosi tunachanga, tunanunua kilo moja ya ndengu, inatosha vijana 20. Hesabu yake ni hii. Ndengu kavu zina protini karibu gramu 24 katika kila gramu 100. Gramu 50 kwa mtu ni gramu 12 za protini, sawa na mayai mawili. Kuota hakuongezi protini, msidanganyike. Kunaongeza vitamini C, kunapunguza ile asidi inayozuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na kunaanza kuvunja sukari zile zinazojaza tumbo gesi. Ukiongeza mchele kidogo au unga wa mahindi, protini inakuwa kamili zaidi, kwa sababu kile kinachopungua kwenye ndengu kipo kwenye nafaka, na kinachopungua kwenye nafaka kipo kwenye ndengu. Watu wa Andhra waliweka konzi ya mchele humo kabla ya mtu yeyote kujua neno protini.

Matatizo yapo na sitayaficha. Maji ya kusuuza yanatoka kwenye bomba hilohilo la foleni, kwa hiyo yale ya kulowekea na kusuuzia tunayamwagia miche ya sukuma wiki. Joto likizidi, mbegu inaota haraka lakini wadudu wa ugonjwa nao wanazaliana haraka, ndiyo maana hatuli mbichi. Tunasaga na kukaanga, hasa kwa ajili ya watoto na wajawazito. Moto unapunguza vitamini, kweli, lakini dakika tatu kwenye kikaango si sawa na saa mbili kwenye sufuria. Kuni nazo tunaokoa.

Kuna neno la kuwaambia wazee wa kamati na wenzangu wa kazi. Mimi naogopa makala kama hii. Naogopa mtu ataisoma ofisini aseme, "Mnaona, wakimbizi wanaweza kujitegemea, waoteshe dengu." Miaka hii tumeona mgao ukipunguzwa na kupunguzwa tena. Kuotesha hakuongezi hata kilo moja kwenye gunia. Hata nguvu iliyomo kwenye punje inapungua kidogo, kwa sababu mmea unaitumia kuota. Askari wa Kut wangekuwa na kitambaa na maji wangepona fizi, lakini njaa ingebaki njaa. Mtu asitumie mkia wa ndengu kufunika gunia lililo nusu.

Ninachoomba ni kidogo zaidi, na kinawezekana. Najua wanaogawa wana sababu ya kuleta iliyopasuliwa: inaiva upesi kuliko nzima, na kuni ni shida. Sababu hiyo ni ya kweli kwa anayechemsha punje kavu. Ila nzima ikishaota nayo inaiva upesi. Basi hata kama si yote, sehemu ya dengu inayokuja ije na ganda lake, nzima, halafu sisi wenyewe tufundishane nyumba kwa nyumba. Kina mama wa kimea wapo. Sista alisharudi kwao, lakini wasichana wake wa kushona wanajua, na vijana wangu wa mpira wanajua kutandaza pesarattu kuliko mimi.

Mwaka 1917 jambo hili liliandikwa kwa ajili ya jeshi: iwe nzima, na ganda lake. Sisi hatuna jenerali wa kutuombea. Tuna mkutano wa chakula wa kila mwezi, ambapo tunaambiwa kilo ngapi zinakuja na tarehe gani, tunapiga makofi, tunatawanyika. Mkutano ujao, wakimaliza kusoma kilo, naomba mtu mmoja anyooshe mkono, akiwa mama au kijana, aulize kwa adabu: hiyo dengu inakuja nzima, au imepasuliwa?